Siku Niliyoulizwa "Iti" Ni Nani

Jamani, nina aibu niliyoibeba tangu mavuno yaliyopita, na kama si Mama Sesilia wa Namawala hadi leo ningekuwa napita vichochoroni kila nikiona mtu wa kijiji kile amekuja mjini Ifakara. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjaipata kwa wengine, maana huko imeshatiwa chumvi, na ilivyokuwa tu inatosha.

Mnajua kazi yangu ni tuisheni ya Kiingereza, hapa hapa Lipangalala, kwenye banda la nyuma ya nyumba yetu, na mnajua nilivyokuwa najisikia (msicheke, nilikuwa najisikia sana). Basi mradi mmoja wa mambo ya malaria ulikuwa na mgeni kutoka ng'ambo, mtafiti, na mkalimani wao jino likamshika asubuhi ya mkutano, wakauliza mtaani nani anajua Kiingereza vizuri, mtaa mzima ukanitaja mimi. Nikavaa gauni la kanisani, nikapanda bodaboda hadi Namawala.

Kule nilipokelewa na Mama Sesilia. Huyu mama ni mhudumu wa kujitolea, kila wiki anapita nyumba kwa nyumba kutega mitego ya mbu na kuangalia vyandarua kama vimechanika, na vyandarua, kama mnavyojua, haviko sebuleni, viko vitandani. Yaani ni yeye peke yake kijiji kizima, asiye ndugu wala mkwe, anayepita hadi chumbani kwa mtu na hakuna anayeuliza. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia kwa furaha, akasema siwezi kusimama mbele za watu na njaa, akanipakulia wali na samaki wa mtoni, akakaa kunitazama nikila mpaka nikamaliza. Kumbukeni huo wali, maana mimi niliusahau ndani ya saa moja.

Mkutano ulikuwa darasani, shule ya msingi. Watu walijaa ila hawakuwa na raha, mpunga ulikuwa umeiva na kila mmoja alikuwa amewaachia ndege shamba, ukiwaangalia unaona masikio yako kwetu na roho ziko bondeni. Mgeni akafungua karatasi zake, na sentensi yake ya kwanza kabisa ikaanza na "It is said that".

Sasa hapo ndipo nilipoharibu. Miaka yote nawafundisha wanafunzi wangu kwamba hiyo ni "inasemekana", lakini siku ile nikaiona "inasemekana" imekaa kiumbea, mtu ametoka ng'ambo na karatasi zake halafu aseme inasemekana kama yuko kisimani? Nikaamua kumpandisha hadhi. Nikasema, "Tumeambiwa kwamba watu wa Namawala ni wakarimu." Wakapiga makofi. Akaja na nyingine, mwanzo ule ule, nikasema tumeambiwa kwamba mchele wa huku unanukia kuliko wa kwingine, makofi tena, na mimi nikavimba (nilikuwa nimeanza hata kupunga mikono).

Ya tatu ikawa, tumeambiwa kwamba wapo wanaochukua vyandarua wakazungushia bustani za mchicha. Hakuna aliyepiga makofi. Ya nne, na Mungu anisamehe, tumeambiwa kwamba wapo wanaume wanaolala peke yao ndani ya chandarua, mke na watoto wakabaki nje na mbu.

Kuna wanaume wawili watatu walianza kuangalia viatu vyao, na wake zao wakawaangalia wao. Akasimama Mzee Matayo, mtu mzima anayeheshimika pale, akauliza taratibu, "Mmeambiwa na nani?"

Mtu mwenye akili angegeuka akamuuliza mgeni. Mimi nikaona nikiuliza nitaonekana sijui kazi, nikajibu mwenyewe, kwa kujiamini kabisa, kwamba tumeambiwa na watu wanaofanya kazi nanyi hapa hapa na kuwajua hadi ndani.

Shingo zote zikageuka kwa Mama Sesilia.

Mama mmoja, Mama Anjela, ndiye aliyeanza, akasema kumbe ndiyo maana wiki iliyopita ulikaa sana chumbani kwangu, basi mtego wako njoo uuchukue na usirudi tena. Mwingine akadakia kwamba hata kwake mlango umefungwa. Wakaanza kuongea wote kwa pamoja, na mgeni wa watu anatabasamu, anadhani hoja yake imewagusa.

Mama Sesilia alisimama. Hakulia wala hakupandisha sauti. Akasema, "Nimeingia vyumbani kwenu miaka yote hii. Kama kuna neno la mtu nililotoka nalo nje, mwenyewe asimame aliseme." Hakusimama mtu. Ndipo akanigeukia mimi, akaniuliza, "Mwanangu, mimi nilikuambia lini?"

Nikamgeukia mgeni, nikamuuliza kwa Kiingereza ni nani hasa aliyesema hayo. Akashangaa. Akasema hakuna mtu, ni namna tu ya kuanza jambo la jumla, alisoma mahali, tena habari zenyewe si za bonde hili. Mimi, mwalimu wa Kiingereza, nikasimama mbele ya watu wale, nikawaambia Mama Sesilia hajasema chochote, mimi ndiye niliyetafsiri vibaya, aliyesema ni "it".

"Iti ni nani?" akauliza Mzee Matayo. "Ni wa kitongoji gani?"

Ikabidi nichukue chaki. Niliandika ubaoni, nikaeleza kwamba Kiingereza hakikubali sentensi isimame bila mtu wa kutangulia, kwa hiyo wakikosa mtu wanaweka hicho kineno mahali pake, si mwanaume, si mwanamke, hakai popote. Mzee akausoma ubao kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kwa hiyo mmetutoa shambani kuja kusikiliza maneno ya mtu ambaye hayupo."

Walicheka watu, walicheka mpaka waliokuwa nje wakachungulia madirishani. Nilipomtafsiria mgeni (safari hii neno kwa neno) aliona haya hadi masikio yakawa mekundu, akaomba radhi, akachukua kalamu akazikata zile sentensi mbili za mwisho. Nikapumua, nikadhani yameisha.

Hayakuisha. Watu walimcheka "iti", lakini wakati wa kutoka niliona wanavyompita Mama Sesilia kwa mbali, kila mmoja na haraka zake, na Mama Anjela hakumuaga. Nikamfuata nikaanza kumwomba msamaha, akanishika mkono akasema msamaha nimeshakupa, ila mlango wa mtu siwezi kujifungulia mwenyewe, kesho asubuhi uje twende wote.

Nilikwenda. Tulizunguka nyumba zote zenye mitego, na kila nyumba nilikosema ni mimi, wenyewe walitukaribisha, wengine wakanitania, wengine wakatupa ndizi. Ya mwisho ilikuwa kwa Mama Anjela. Alitusikiliza akiwa mlangoni, mikono kiunoni. Nikamwambia mama, kulitokea makosa.

"Makosa yalitokea yenyewe?" akauliza. "Sema tena, na utaje jina."

Nikasema, "Mimi Benadeta wa Lipangalala nilimsingizia Mama Sesilia mbele ya watu, na yeye hakusema kitu."

Akaniangalia. Kisha akasogea pembeni, akalifunua pazia la chumbani. "Pita, Mama Sesilia," akasema. "Huyu abaki nje."

Nikabaki nje, kwenye jua, na kuku wa Mama Anjela, na nawaambieni ukweli, sijawahi kufurahi kufungiwa mlango kama siku ile. Niliwasikia wakicheka huko ndani, sijui kwa lipi, na sikutaka kujua. Nilimshukuru Mungu kwa kunikutanisha na mama ambaye badala ya kunichukia alinitembeza juani mpaka nikarudisha nilichokiharibu. Tuisheni bado nafundisha, ila nimeapa: mwanafunzi wangu akiniandikia sentensi ya namna ile, hapati alama mpaka aniambie ni nani aliyesema, na kama hamjui, aifute.