Mzizi Usiotaka Salamu

Nilipokuwa na miaka tisa, kule Kilema, niliamini kwamba shikamoo yangu moja imemharibia bibi magoti yake.

Pasaka ilikuwa inakaribia na bibi alitaka kwenda misa kwa miguu yake mwenyewe, siyo kupakiwa kwenye bodaboda kama mkungu wa ndizi. Dawa yake ilikuwa mzizi mmoja mwekundu, mchungu ajabu, unaochemshwa na mifupa ya ng'ombe. Nilitumwa mimi kuuchimba, kando ya mfereji juu ya kihamba chetu, shamba la migomba lililozunguka nyumba.

"Ukishauchimba, usimsalimie mtu mpaka mzizi uingie kwenye sufuria," alinionya. "Ukifungua mdomo, nguvu yake inabaki njiani."

Wakati wa kurudi nikamkuta katekista mzee akizibua mfereji. Nilijaribu kumpita, lakini kwetu mtoto kumpita mzee kimya ni aibu ya ukoo mzima. Shikamoo ikanitoka yenyewe.

"Marahaba, mama. Bibi hajambo?"

Nikajibu na hilo pia, maana nilishaharibu.

Nyumbani niliutumbukiza mzizi, nikanyamaza. Siku tatu bibi alikunywa ile supu huku amekunja uso, akinisifu, na kila sifa ilinichoma. Jumamosi ya kuamkia Pasaka bado alitembea akishika ukuta. Nikashindwa kuvumilia. Nilikata jani la isale mpakani mwa kihamba, maana kwa Wachagga ndilo mkosaji humpelekea aliyemkosea, nikapiga magoti mbele yake.

"Bibi, nilimwamkia katekista."

Alicheka mpaka akajishika mbavu. "Nilikusikia toka hapa, na hiyo sauti yako! Nikasema afadhali. Ungempita mzee kimya, ningekuchapa."

"Na magoti?"

"Magoti yana miaka sabini. Kesho utanishika mkono."

Tulikwenda tukipumzika kila penye jiwe la kukalia. Tulifika injili imeshasomwa, na sijawahi kuona mtu mwenye furaha vile.

Siku hizi naishi Moshi mjini, na magoti yameanza kunisumbua mimi. Daktari amenipa vidonge na mazoezi. Sokoni mzizi ule unauzwa mkavu, na muuzaji anaapa kwamba unatibu magoti, kisukari, hata ndoa. Sijaona aliyethibitisha lolote, nami siachi vidonge vyangu. Lakini supu yake naipenda, kwa hiyo mara mojamoja nanunua kipande. Nikiwa nacho mkononi, kila mzee ninayekutana naye namwamkia kwa sauti, kama vile nyumbani kuna mtu anasikiliza.