Tundu la Bendera

Mwanangu, kila Oktoba inapoingia na baridi yake, nakumbuka mkasi wa Mzee Laszlo.

Miaka ya sabini nilipanga chumba nyumbani kwake, Bordesley Green, mtaa wa viwanda ughaibuni. Alikuwa Mhungaria, aliyefiwa na mke, mtu wa utani. Akiniona nimevaa koti juu ya koti, huuliza, "Kijana, leo umevaa kabati lote?"

Jumamosi moja ya Oktoba aliniomba nimpigie pasi bendera ya kwao, nyekundu, nyeupe na kijani. Jioni Wahungaria wenzake wangekutana ukumbini, naye ndiye angeibeba. Alipotoka kwenda dukani, niliikunjua nikakuta tundu kubwa katikati, kingo zimechanikachanika. Nikaona mzee wa watu ataaibika. Nikakata shati langu jeupe, nikaliziba tundu kwa mishono midogo, kisha nikaitandaza mezani kama zawadi.

Aliporudi, hata kofia hakuvua.

"Nani kakufundisha kushona?"

"Mama yangu."

"Kakufundisha vizuri. Sasa fumua."

Akanipa mkasi, akaketi kando yangu. Nilipokuwa nikifumua, alinieleza kwamba pale katikati palikuwa na nembo waliyowekewa na watawala waliotii Moscow. Oktoba 1956 watu walipoinuka kuidai nchi yao, waliikata. Bendera ile aliikata dada yake kwa kisu cha mkate. Kisha vifaru vya Moscow vikaja. Dada hakurudi nyumbani. Laszlo alivuka mpaka kwa miguu, bendera kaizungusha kiunoni.

Nami, kwa ujuba wa ujana, nikasema, "Lakini Mzee, si mlishindwa? Kwetu Kenya bendera ilipanda, watu wakacheza."

"Vizuri. Na walioilipia, umewahi kuwauliza ilikuwaje?"

Nikafumua mshono mwingine. Baba yangu mdogo alirudi kutoka kizuizini kwa wakoloni na vidole visivyokunjika. Sisi watoto tulimwiga anavyoshika kikombe, tukacheka.

Nilipomaliza, kitambaa kilibaki na alama za sindano. Nikaomba radhi. "Ziache," akasema. "Hizo ni zako. Twende."

Ukumbini walikuwa wachache, wenye mvi na makoti ya kiwandani. Bendera ilipopita, wote walisimama wima, wakaimba. Sijapata kuona watu walioshindwa wasioinamisha kichwa namna ile.

Niliapa nikifika nyumbani nitamwuliza Baba Mdogo. Nikaahirisha, likizo hadi likizo, mwaka hadi mwaka. Niliporudi, alikuwa kaburini, na habari ya vidole vile siijui hadi leo.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiona kovu la mtu mzima, usilionee haya wala usikimbilie kuliziba. Keti, uliza, msikilize mpaka amalize. Usingoje likizo. Anza nami, ningali hapa.

Mungu akupe masikio yenye subira, na akujalie nchi ambayo hutalazimika kuitoboa bendera yake.