Viti vya Ofisi ya Mifereji

Kamlavati Kori alishushwa cheo siku ya Ijumaa, saa za chai, na hakuna aliyeona haya kiasi cha kumngoja amalize kikombe chake. Tangazo lilibandikwa ukutani, kisha tarishi Chhedi akatumwa kung'oa kibao cha jina lake mlangoni na kuondoa taulo jeupe mgongoni mwa kiti chake. Katika ofisi za serikali za jimbo la Uttar Pradesh, India, taulo lile ndilo ukubwa wenyewe. Asiye nalo ni karani tu.

Ukarani alikuwa ameufanya miaka mingi. Alizaliwa na wafumaji, watu wa tabaka linalohesabiwa najisi, ambao wenye majina makubwa kijijini hawapokei maji mikononi mwao, akasomeshwa na mwalimu aliyemchapa kwa fimbo ndefu kupita kiasi, asije akamgusa. Mtihani wa serikali akaupasua. Akaingia ofisi ya mifereji, akawafundisha kazi vijana waliokuja nyuma yake, halafu akawatazama wakimpita mmoja mmoja, wakipandishwa na wakubwa waliokuwa wajomba na mashemeji zao. Huo hakuna aliyeuita upendeleo. Ila sheria ya kuzitengea nafasi jamii zilizokandamizwa ilipompandisha naye kuwa mkuu wa kitengo, ndipo ofisi nzima ilipokumbuka kwamba duniani kuna kitu kinaitwa haki kwa wote.

"Mkuu wa kutengewa," walimwita, tena kwa sauti ya kusikika.

Sasa mahakama ilikuwa imefuta kupandishwa kule. Eti serikali haikuleta takwimu za kuthibitisha kwamba watu wa jamii zile bado wako nyuma. Takwimu! Kamlavati aliposikia alicheka kicheko kibaya. Nafasi yake akapewa Umashankar Dwivedi, ambaye hata kuandika dokezo la ofisi alifundishwa na yeye.

Jioni ile mumewe, Rampher, fundi cherehani, aliiona sura yake akazima mashine.

"Mama Anju, meza tu. Umebakiza mwaka mmoja ustaafu. Wanangoja uteleze wakusimamishe kazi, pensheni nayo iende na maji."

"Nimeze mangapi, baba Anju? Nimeshavimbiwa mimi."

"Jumatatu nenda, kaa pale watakapokuweka, nyamaza."

Akaahidi. Na kweli alikusudia kuitimiza ahadi yake.

Jumatatu asubuhi alikuta sakafu ya chumba chake cha zamani imelowa chapa. Chhedi alikuwa ameshika chungu kidogo cha shaba, akikirashia maji kile kiti. Dwivedi alisimama pembeni, amevua viatu, na wenzake nyuma yake.

"Chhedi, unafanya nini?"

Tarishi alitazama chini. "Nimetumwa, madam. Ni maji matakatifu ya mto Ganga. Bosi alikwenda kuyachota mwenyewe jana."

"Usichukulie vibaya, dada Kamla," alisema Dwivedi akitabasamu. "Mambo ya imani tu haya. Nataka nianze na kiti safi."

"Kwani kilikuwa na uchafu gani?"

"Aa, unajua bwana."

"Sijui. Sema."

Dwivedi akamwashiria Chhedi aendelee. Nyuma yake watu wakachekelea puani.

Kamlavati aliikumbuka ahadi. Aliikumbuka na pensheni. Lakini hasira ilikuwa imeshamfika kooni, hasira ya tangu fimbo ile ndefu, na safari hii haikukubali kurudi chini. Akaingia, akakaa kwenye kile kiti kilicholowa, akaegemea.

"Haya, Chhedi. Rashia tena."

Chhedi alimtazama bosi, akarashia. Kamlavati akainuka, akaenda kwenye kiti cha mhasibu Shukla. Shukla alikishika kwa mikono miwili, akaona itabidi agusane naye, akakiachia upesi.

"Na hiki," alisema Kamlavati, akakaa.

"Mama wee, umerukwa na akili?" aliuliza mpiga chapa.

"Sogea mwanangu, chako kinafuata."

Akavimaliza vyote, kimoja baada ya kingine, pamoja na benchi la wageni. Kila alipoinuka Chhedi alifuata na chungu chake, lakini kila kilichorashiwa Kamlavati alikirudia akakikalia tena, maji yakizidi kupungua.

"Nitakusimamisha kazi!" Dwivedi alifoka.

"Andika! Na sababu uiandike: amekaa kitini. Uipeleke mahakamani, maana takwimu walizokuwa wakizitafuta ndizo hizo."

Chhedi alikigeuza chungu juu chini. "Bosi, yamekwisha."

Mto ulikuwa mbali, nusu siku kwa basi. Si wote mle ofisini walioamini mambo yale, lakini kila mmoja alikuwa akimtazama jirani yake, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusemwa kwamba alikaa baada ya Kamlavati. Basi wakabaki wima. Kamlavati alivuta kiti cha ukarani alichopangiwa, akakaa, akaomba mafaili yake.

Kesho yake alisimamishwa kazi kweli, pensheni ikaingia mashakani, na Rampher akanuna wiki nzima. Lakini Jumatatu ile, mpaka saa ya kufunga, waheshimiwa wa ofisi ya mifereji waliandika mafaili yameegemezwa kifuani, wakibadilisha miguu, na aliyekaa alikuwa mmoja tu.