Kichwa Kilichozidi Vichwa vya Wazee

Mkutano ule kila mtu anausimulia kwa namna yake, na wengi wanautia chumvi. Kisa chenyewe ni hiki, na mwenye kubisha aje na mashahidi.

Sumberwuni, kijiji cha Wajava, mkutano ni mkekani. Tajiri mkekani, mwalimu mkekani, hata mkuu wa kijiji, Pak Sugeng, yaani Bwana Sugeng, mwenye tumbo kama gunia la mpunga, hujikunja mkekani akihema. Na mdogo hakai juu ya mkubwa. Ukipita mbele ya wazee unainama, mkono umetangulia, unanyata kama mwizi wa kuku mwenye adabu. Mtoto hufundishwa hayo kabla hajajua kufunga vifungo.

Sasa Ngatini, mtengeneza tempe, ile mikate ya soya iliyochachushwa, angefanyaje? Tetemeko lilimwangushia ukuta akiwa na miaka ishirini na sita. Uti wa mgongo ukakatika, miguu ikanyamaza, akabaki wa kiti cha magurudumu. Akiingia mkutanoni, magoti yake ndiyo yanalingana na vipara vya wazee. Basi hawakumwalika. Si kwa chuki, la! Kwa huruma. "Masikini," walisema, "tusimtie aibuni." Miaka tisa barua ya mwaliko ikampita mlangoni. Vipande vyake vya tempe ya kukaanga vilikuwa vinaingia mkutanoni kwenye sinia na kusikia kila neno, mwenyewe hapana.

La kuchekesha, au la kuliza, chagua mwenyewe, ni kwamba Ngatini naye alikuwa upande wao. Mgongo ulivunjika, adabu haikuvunjika. Kila akipishana na wazee njiani alijikunja juu ya kiti mpaka kidevu kikagusa kifua, kama mtu anayeomba radhi kwa kuzaliwa.

Lakini mwaka huo kijiji kilikuwa kinaamua ramani ya ukumbi mpya. Humo ndimo watu watapigia kura, watachukulia vyeti, watapimia watoto. Ngatini aliiona ramani imebandikwa ukutani: sakafu imenyanyuliwa shubiri tatu kwa ajili ya mafuriko, mbele ngazi, nyuma ngazi. Akaelewa. Saruji ikishakauka, yeye yuko nje mpaka kaburini.

Akaenda bila kualikwa.

Alifika ukingoni mwa mkeka. Wanaume wakatazama vidole vyao vya miguu.

"Malkia kaja na kiti chake cha enzi," akanong'ona Bu Parmi, mama jirani yake, kwa mnong'ono wake ule unaosikika mpaka barabarani.

"Njoo tubadilishane, dada," Ngatini akamjibu. "Ila ukishakikalia, hushuki tena."

Mtu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa.

"Karibu, dada Ngatini," Pak Sugeng akasema, jasho linamtoka. "Vijana watakuteremsha hapa mkekani, ukae na wenzako."

"Asante, Pak. Arobaini ya mama nilikaa mkekani. Mimi kuanzia kiunoni kwenda chini sisikii maumivu. Nikapata kidonda, kikanilaza miezi minne." Na shingo, kwa mara ya kwanza, hakuikunja. "Nisameheni, wazee wangu. Nitakaa juu. Nimekuja kuomba mteremko kwenye ukumbi. Kila shubiri moja ya kupanda, shubiri kumi na mbili za mteremko. Sheria ya nchi inaturuhusu kudai, lakini mimi kwanza naomba."

"Thelathini na sita!" Pak Sugeng alikuwa mwepesi wa hesabu pale palipomuuma. "Na pikipiki ziegeshwe wapi, juu ya paa? Vijana wapo, dada. Utabebwa."

"Na nikibanwa na haja katikati ya mkutano, Pak, tufanye kikao kuchagua wabebaji?"

Wanawake wakaangua kicheko. Ndipo Mbah Wongso, babu mkubwa kuliko wote, akataka kusema, na mkubwa akisema husimama. Akajaribu. Magoti yakalia kama mianzi mikavu. Akajaribu tena. Wanaume wawili wakamshika kwapani wakamnyanyua, kama wanavyomnyanyua kila mkutano, na kila mkutano watu wote hutazama pembeni.

Safari hii mzee mwenyewe aliwatazama wao.

"Mnaona?" akasema. "Mimi nabebwa, mnaita heshima. Huyu mkimbeba, mnaita huruma. Wote wawili hatukuulizwa." Akapumua. "Miaka sita magoti yananiua hapa chini, nami nimefunga mdomo nisionekane mzee."

"Lakini Mbah, wewe *ni* mzee," Bu Parmi akamwambia.

"Kimya, wee! Leteni kiti."

Kikaletwa. Mzee akakaa, akalingana na Ngatini bega kwa bega, na hapakuwa tena na wa kusema mdogo kamzidi mkubwa. Kabla chai haijapoa, wazee watatu wengine walikuwa wameulizia viti, kila mmoja akisingizia mgongo wa mwenzake.

Pak Sugeng akasalimu amri. Akaikunjua nakala yake ya ramani. "Basi tumekubaliana. Mteremko upo. Utakuwa nyuma, upande wa jikoni. Kuna mwenye neno?"

Kimya. Na kule kwao kimya ni muhuri. Ukinyamaza, umekubali, na jambo limekwisha. Ngatini alijua hivyo. Alijua pia kwamba amekwishapewa mengi kwa siku moja, na kwamba mwanamke aliyelelewa vizuri angeshukuru, akainama, akaenda zake. Akajiona, miaka yote iliyobaki, akiingia kupiga kura katikati ya masufuria.

"Mimi ninalo," akasema. "Mlango wa mbele, Pak. Ninakopita mimi na wewe upite."

Pak Sugeng akamtazama Mbah Wongso. Mbah Wongso akatazama chai yake. Penseli ya Pak Sugeng ikazungukazunguka, ikashuka penye mlango wa mbele kwenye ramani, ikachora kistari kifupi, kikali kama paa la nyumba.

Ngatini akasogeza kiti mpaka gurudumu likagusa mkeka, akainama kukiangalia kile kistari.

"Refusha, Pak."

Akarefusha.

"Bado."