Maji Yatarudi

Vijana waliochimba kaburi la mume wangu walianzia juu, karibu na barabara, mahali ambapo mama yake alikuwa amepachagua. Walipofika kina cha magoti wakakuta mwamba. Wakajaribu pembeni, mwamba tena. Jua lilikuwa limepanda na watu wa kanisa walikuwa njiani, kwa hiyo wakateremka hadi mwisho wa shamba, ambako udongo ni laini na mweupe kidogo, na jembe likaingia kama linaingia kwenye unga. Mmoja wao akaja kuniambia, "Mathe, huku chini atalala vizuri." Nilikubali. Kutoka pale ziwa lilionekana kwa mbali, nyuma ya fensi ya mbuga ya wanyama na migunga mingi, jembamba kama bati lililosahauliwa kwenye nyasi. Hakuna aliyelifikiria siku ile.

Tulikuwa tunakaa upande wa Baruti, nje kidogo ya mji wa Nakuru. Mume wangu alikuwa amefanya kazi miaka mingi kule Kariandusi, akichimba ule udongo mweupe unaopelekwa viwandani. Alikuwa akirudi nyumbani nyusi zikiwa nyeupe kama za babu yake. Aliwahi kuniambia kwamba udongo ule ni matope ya ziwa la zamani sana, lililofika juu kuliko barabara ya lami ilipo leo, kabla hakujawa na mtu wa kuliita ziwa. Nilimcheka. Nilidhani ni hadithi za watu wa machimbo.

Mama yake, ambaye watoto wangu wanamwita shosho na mimi nikazoea kumwita hivyo, alipanda maua kuzunguka kaburi. Tulipomaliza matanga alisema mbele yetu sote kwamba upande wa kulia wa mtoto wake ni wake yeye, na wa kushoto ni wangu. Alisema hivyo bila machozi, kama mtu anayepanga viti sebuleni.

Ziwa lilikuja polepole. Mto ukifurika unausikia, lakini ziwa hulisikii. Unaamka tu unaona limesogea. Kwanza lilifika kwenye fensi ya mbuga. Baadaye nguzo za fensi zikawa zimesimama majini, stima yake ikakatwa, na viboko wakaanza kutoka na kula mahindi yetu. Migunga ilikufa ikiwa imesimama, ikabaki myeupe, na ndege weusi wakajenga juu yake. Maji yenyewe si ya kunywa, yana magadi. Yakisogea nyuma kidogo yanaacha ukoko mweupe, na pale hata magugu hayaoti.

Kila mtu alisema yatarudi. Wazee walikumbuka mwaka ambao ziwa lilikauka kabisa, vumbi la magadi likapeperuka hadi mjini na watu wakafunga madirisha. Linajaa, linakauka, linajaa, ndivyo walivyotuambia, na sisi tukashika neno hilo. Maji yatarudi. Tulilisema kanisani, tulilisema kwenye foleni ya mafuta ya taa. Hata siku maji yalipolifikia kaburi, na msalaba ukabaki umezama hadi mabegani, shosho alisimama pale na gumboti zake akasema yatarudi, kisha akarudi jikoni kuchambua maharagwe.

Na kweli yalirudi. Ukaja ukame mkali, ng'ombe wakakonda, na ziwa likateremka hadi tukaliona kaburi tena. Saruji ilikuwa imepasuka na maua yalikuwa vijiti vyeupe. Shosho alifurahi kama mtu aliyepokea mgeni. Wiki hiyo hiyo shemeji yangu, mdogo wake marehemu, ambaye ana jiko la nyama choma Kikopey, alifunga kazi akaja. Alikuwa amemwona chifu na kuuliza habari za kibali. Alitaka tumfukue kaka yake wakati ardhi ni kavu, tumpeleke makaburi ya mjini, mahali pa juu.

Tulikaa uani kwenye viti vya plastiki. Shemeji alieleza kwa heshima, polepole, akitazama chini. Shosho alimwacha amalize.

"Maji si yamerudi?" akamwuliza. "Si niliwaambia?"

"Yamerudi, mama. Lakini yanaweza kurudi."

"Wewe unaongea kama redio mbovu. Yamerudi ama yatarudi?"

Tulicheka, hata shemeji alicheka. Nimekifikiria sana kicheko kile. Tulikuwa na neno moja la kwenda na la kuja, na miaka yote hiyo tuliposema yatarudi, hakuna aliyemwuliza mwenzake ana maana gani.

Shosho ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Akasema, "Nilimzika mara moja. Sina nguvu ya kumzika tena."

Basi hatukumgusa. Shemeji aliagiza saruji na mawe, akaliinua kaburi kufikia kiuno cha mtu, akapaka chokaa. Shosho aliketi karibu na mafundi toka asubuhi akiwaonyesha mahali palipopinda. Likawa kaburi zuri kuliko nyumba yetu.

Mvua zilizofuata sikuwa nimeziona maishani mwangu. Zilinyesha mahali pote, milimani na bondeni, bila kupumzika, na kila mto unaoteremka ukaleta maji yake ziwani. Maji yalilipita kaburi kama jiwe la njiani. Yakafika kwenye boma la ng'ombe, yakafika jikoni, na sisi tukang'oa mabati tukahamia vyumba vya kupanga upande wa juu wa mji. Shosho hakuweza kukaa kwenye vyumba hivyo, ngazi zilimshinda. Binti yangu akamchukua. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi na ameolewa Keringet, kule kwenye baridi na viazi.

Nilienda kuwatembelea. Tulikuwa watatu jikoni, tunamenya viazi, na shosho akaanza tena habari za lini maji yatarudi. Binti yangu aliweka kisu chini. Kisha akamweleza vile anavyowafundisha watoto darasani. Alisema bahari imepata joto kuliko zamani. Bahari ikiwa na joto inatoa mvuke mwingi, upepo unauleta mpaka huku kwetu, na ndiyo mvua ile isiyo na kipimo. Alisema kwenye ncha za dunia, kaskazini na kusini, kuna barafu ya zamani kuliko watu, na inayeyuka, na bahari yenyewe inapanda, na watu wanaokaa kando yake wanahama kama sisi tulivyohama. Nilimwuliza, maana nilikuwa nimesikia watu wakisema ni ardhi ya bonde iliyosogea huko chini. Alisema huenda hiyo nayo imo. Lakini mvua imo zaidi.

Mimi sijawahi kuona bahari. Shosho naye hakuwahi. Kwake Naivasha ilikuwa mbali.

"Hiyo barafu," akasema, "nani aliiwashia moto?"

"Ni moshi, shosho. Wa magari, wa viwanda. Mwingi ni wa nchi za mbali."

"Sisi tulikuwa na ng'ombe watatu."

Shosho akamenya kiazi chake mpaka mwisho, akakitia kwenye sufuria ya maji.

"Na hiyo bahari itapoa lini?"

Nilimtazama mwanangu nikitamani aseme uongo. Angeweza kusema mwaka kesho, angeweza kusema Mungu anajua, na tungeendelea na viazi.

"Haitapoa tukiwa hai, shosho. Hata hawa watoto wangu hawataiona ikipoa."

Shosho alipangusa mikono kwenye leso, kidole kimoja kimoja. Alimshukuru. Alisema watu walikuwa wamemdanganya muda mrefu, na mmoja wao alikuwa yeye mwenyewe. Chai ilipokuwa tayari akamwuliza binti yangu, kwa sauti ya mtu anayeomba malazi, kama wakwe zake wangeweza kumpa mahali padogo. Hakusema pa nini. Kwetu sisi, mtu mzima kuzikwa kwenye shamba la wakwe wa mjukuu wake ni aibu kubwa, ni kama kubaki mgeni kwa watu milele. Binti yangu alitoka nje, nikasikia akilia nyuma ya tangi la maji.

Wakwe walikuwa watu wazuri. Walimpa mahali kando ya ua wa miti, juu ya shamba la viazi, na hawakuuliza maswali. Shosho alifariki majira ya baridi. Siku ya mazishi mhubiri, ambaye hakutujua, alisema sasa mama amelala pamoja na watu wake. Shemeji alinigeukia, kisha akatazama udongo. Pale hapakuwa na mtu wetu hata mmoja.

Niliporudi Nakuru nilishuka hadi pale barabara yetu inapoingia majini. Zamani nilikuwa na mgunga mmoja mkavu wa kunionyesha kaburi liko wapi, lakini ulikuwa umeanguka. Maji yalikuwa sawasawa kila upande. Nilitaka kumwambia mume wangu kwamba mama yake hatakuja, na sikujua nigeuke wapi niseme, kwa hiyo sikusema.

Mwezi uliopita binti yangu alinipigia simu. Alizunguka zunguka, akaniuliza habari za mguu wangu, za kodi ya nyumba. Mwishoni akaniambia wakwe zake wanataka kupanda miti pale karibu na shosho, na kabla hawajapanda wameuliza kama waniachie nafasi. Nilimwambia wangoje kwanza. Alikubali, akanitakia usiku mwema. Simu ilipokatika nilikaa nayo mkononi, nikijaribu kujua nimewaambia wangoje nini.