Sehemu ya Pili Ilikuwa ya Baba

Harufu ya ulimbo hunirudisha Gulfton, mtaa niliokulia, mpaka leo, tena bila hodi. Nasema ule ulimbo mgumu wa rangi ya asali wanaousugulia upinde wa fidla. Nikiunusa tu, nina miaka kumi tena, nimeketi sebuleni kwa Bi Nora, na hasira zinanipanda upya.

Bi Nora, mama wa Kiayalandi mwenye nywele nyeupe, ndiye aliyenifundisha jigi, zile nyimbo za densi za kwao zinazorukaruka tiri-tiri, tiri-tiri, mpaka mguu unakataa kutulia. Moja aliipenda kuliko zote. Ilikuwa na sehemu mbili, na hakuna aliyejua ilikoanzia. Wengine waliiita kwa jina la mjane fulani, wengine la farasi, wengine wakabisha kwamba ilitoka Uskoti. Kila mpiga fidla aliipinda kidogo. "Pinda utakavyo," alizoea kuniambia, "lakini kabla hujaipiga, mtaje aliyekupa. Usipomtaja, umemwibia." Maneno hayo niliyashika kama dini.

Sasa basi, baba yangu, muuguzi aliyeosha vyombo huku akipiga mluzi, alikuwa anaijua jigi hiyohiyo! Alisema alifundishwa na padri wa Kiayalandi shuleni kwao Machakos. Ila kwenye sehemu ya pili, pale Bi Nora alipopanda, baba alishuka polepole, kisha akarudi juu ghafla kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko likiwaka. Nilimpigia Bi Nora hivyo, nikamtaja baba. Akanitaka niirudie mara nane, huku akiandika noti.

Mwaka huo tukaalikwa kwenye tamasha la Waayalandi kule Dallas. Nilimwambia baba atatajwa jukwaani. Akabadilishana zamu, akavaa tai, aka-drive saa nne nzima huku akitabasamu peke yake.

Bi Nora akashika maikrofoni, akasema, "Hii nilipewa na babu yangu, marehemu." Kisha akaipiga, na mteremko wa baba ndani yake, noti kwa noti. Haki ya Mungu, nilitaka kupanda nimnyang'anye ule upinde. Nikamgeukia baba nikitaka asimame, aseme kitu. Baba alikuwa anapiga makofi.

Kwenye gari, tukirudi nyumbani, nililia mpaka mji wa Corsicana. "Dad, she stole it! Mbona hukusema?"

Baba akakohoa. "Mami, kwenye sehemu ya pili padri alikuwa anapanda, kama mwalimu wako. Aliyekuwa anashuka ni Mutiso, mpishi wa shule. Alikuwa akipiga mluzi huku anakoroga githeri, na sisi tunamcheka. Mimi sijawahi kumtaja popote. Kusema nilifundishwa na padri kulikuwa na heshima zaidi."

Kwa Bi Nora sikurudi tena. Lakini baba ndiye niliyemkasirikia kwa miaka, kuliko hata Bi Nora, maana nilikuwa nimemlilia mtu ambaye naye alikuwa amechukua cha mwenzake. Nilijiona nimefanywa mjinga mara mbili kwa siku moja.

Nilichelewa sana, nikiwa tayari na watoto wangu, kuelewa kwamba hakuna aliyemlazimisha kuniambia habari za Mutiso. Siku ile nilikuwa radhi kuamini maisha yangu yote kuwa yeye ndiye aliyeonewa. Alichohitaji ni kunyamaza tu. Akaona afadhali nimkasirikie.