Lori la Michembe Kizuizini

Siku yangu ya kwanza kazini, Kahama, nilikabidhiwa bambo, kile chuma chenye ncha kinachochomwa kwenye gunia ili kutoa punje za kukagua. Afisa Kilimo wa Wilaya, mtu mrefu asiyecheka, akaniambia, "Binti, usimwamini mwenye gunia. Amini unachokitoa ndani." Ilikuwa miaka ya sabini, na kati ya wakaguzi wa mazao mwanamke nilikuwa peke yangu. Nilijifunza kung'ata punje ya mahindi na kujua kama imekauka. Niliipenda kazi hiyo na vumbi lake.

Baadaye nikapelekwa kwenye kizuizi cha barabarani, mpakani na Geita, iliyokuwa chini ya mkoa jirani. Siku hizo chakula hakikuvuka mkoa bila kibali. Nia ilikuwa njema, kila mkoa ubaki na akiba yake na walanguzi wasikombe kila kitu. Lakini kibali kilitoka makao makuu ya mkoa, na watu walikingoja kwa wiki nyingi.

Mwaka mmoja mvua ilikatika mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Upande wetu wa Shinyanga maghala ya vijiji yakabaki matupu. Upande wa Geita walikuwa wamevuna. Mimi nilisimama katikati, na kazi yangu ilikuwa kuzuia.

Asubuhi moja likaja lori kutoka Geita. Akashuka Mama Shija, kiongozi wa akina mama wa kijiji kimoja cha Ushirombo, upande wetu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tumebeba michembe. Kibali hatuna. Watoto wanachimba mizizi porini, na wawili wamelazwa misheni."

Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa juani. Askari wa zamu akawaamuru wageuze. Nikamwomba asubiri, nikabandua ukutani karatasi ya sheria yenye orodha ya mazao yanayohitaji kibali. Mahindi, mpunga, mtama, uwele, muhogo, maharage. Nikaisoma mara mbili.

"Afande, viazi viko wapi hapa?"

Akapitisha kidole mstari kwa mstari. "Havimo."

"Basi fungua."

"Wabeja, mwanangu!" Mama Shija, aliyekwisha kupanda tena juu ya magunia, akanishukuru kwa Kisukuma. Habari zikaenea, na malori ya michembe yakaanza kufuatana.

Wiki ya tatu yule Afisa Kilimo akafika, amekunja uso. "Nani amekuruhusu?"

"Sheria, mzee." Nikampa karatasi.

Akaisoma, akanirudishia. "Panda gari. Utayasema hayo mkoani."

Njia nzima nilijua kazi yangu imekwisha. Mbele ya kikao, Afisa Kilimo wa Mkoa akaniuliza kama nilikuwa nakwepa sheria.

"Hapana, mzee. Nimeifuata ilivyoandikwa. Ila michembe inakwisha, na mahindi yamejaa kule ng'ambo. Naomba kibali kitolewe palepale kizuizini, kwa mtu mwenye barua ya kijiji chake."

Bosi wangu wa wilaya akasimama. "Namuunga mkono. Huyu binti nimemfundisha mimi."

Mikoa miwili ikakubaliana, nikarudi na kitabu cha vibali. Cha kwanza nilimwandikia Mama Shija, kwa mahindi. Alipiga vigelegele mpaka askari naye akacheka. Watoto wale wawili walitoka misheni wakitembea wenyewe, na kijiji kile hakikuzika mtu kwa njaa.

Sasa nimestaafu, nalima mpunga wangu. Vijana wa kilimo wakinitembelea huwa nawaambia waisome sheria yote, na wakiona inaumiza watu, waende kusema mbele ya wakubwa wenye uwezo wa kuibadilisha. Niliogopa sana siku ile, lakini nilisema.

Miaka ya themanini biashara ya chakula ilipofunguliwa, nikiwa bado kazini, nilitumwa kusimamia kung'olewa kwa kizuizi chetu. Nguzo ikalala kando ya barabara. Lori la kwanza kufika lilikuwa la mpunga, na dereva, kwa mazoea, akapunguza mwendo na kuanza kutafuta karatasi zake. Nikampungia mkono apite.